Mavumbi Mawili

Usiku wa Juni kisiwani Saaremaa hauivi.
Saa sita kasoro, na anga bado ni maziwa yaliyotiwa maji,
na Heldi, kola imepanda hadi masikioni, anangoja giza
kama mtu angojaye deni lake.
Ametandika shuka jeupe juu ya mreteni.
Taa ya zebaki inanguruma kwa chini,
na sandukuni mna trei za mayai,
kila kishimo chumba cha mgeni.

Kampuni inataka hekta kumi na moja zaidi.
Fomu ina visanduku vitatu:
athari ndogo, ya wastani, kubwa.
Hakuna kisanduku cha sijui bado.

Lugha ninayoandikia ina neno moja, nondo,
kwa huyu anayekuja taani akijigonga paji la uso
na kwa kile chuma kinacholala ndani ya zege
kikingoja kokoto za shimo hili zimwagwe juu yake.
Heldi hajui hilo. Lugha yake imewatenga.
Mimi ndiye ninayewaona wamelala kitanda kimoja.

Alfajiri, kama ipo alfajiri pasipokuwa na usiku,
anahesabu.
Huyu rahisi: ana alama ya koma bawani.
Huyu naye ana doa la figo, na ukingo wa manjano.
Lakini hawa saba,
kijivu juu ya kijivu, kwa macho wote wa tumbo moja,
wamejaa vumbi la mawe.
Anachukua brashi ya manyoya, anapangusa,
na mchoro unaondoka na vumbi.
Maana bawa nalo ni vumbi.
Chini ya darubini ndipo yanapoachana:
la jiwe lina kona, kama chupa iliyovunjwa;
la nondo ni vigae, kimoja kimelalia kingine,
kana kwamba kuna aliyekusudia kukaa.

Usiku wa nne anakuja Raudsepp, mtu wa mashine ya kusaga,
miaka ishirini na sita shimoni, sikio la kushoto limekufa.
Mkononi ana kopo la kahawa.
"Unayemtaka haji kwako," anasema. "Anakuja kwangu.
Kwenye taa ya katapila, kule chini,
upande ulioachwa tangu enzi za baba,
panapoota yale maua yasiyotaka udongo."

Anafungua. Mmoja wa kijivu, safi.

Heldi alimtafuta malishoni,
kwenye nyasi aliyotumwa kuipimia thamani.
Kumbe kapanga ndani ya kovu.

Sasa aandike nini?

Kumthibitisha kuna njia moja.
Tumbo lichemshwe katika magadi makali,
kiungo cha uzazi kitolewe kwa sindano,
ufunguo mweusi mdogo kuliko nukta hii,
wenye ndoano mbili, au tatu.
Mbili, ni yule wa kila mahali.
Tatu, ni yeye.
Ili iandikwe kwamba anaishi hapa, huyu lazima afe.
Anamweka kwanza kwenye friji,
katikati ya jibini na samaki wa moshi.
Raudsepp anauliza kama atasikia maumivu.
"Hapana," anasema Heldi. Kisha: "Sijui."

Tatu.

Anaandika pembeni, nje ya visanduku,
mwandiko ukiparamia ukingo wa karatasi:
Shimo la zamani lisifukiwe. Jipya lisichimbwe.
Anakata sentensi ya pili.
Anachemsha chai. Anairudisha.

Saa nne baruti italia kama kawaida,
vikombe vitacheza kabatini.
Raudsepp amesimama mlangoni, anadai kopo lake
na anadai jina.
Heldi anamtajia la Kilatini.
Analirudia mara mbili, sikio bovu likilipinda,
mpaka linatoka jina jingine kabisa,
ambalo hajapewa mdudu yeyote,
na analo hilo mdomoni
akishuka ngazi za shimo, akiliita.