Karatasi Chini ya Boneti

Breki zikichoka hulia. Zitakupigia yowe
mpaka jirani akutoe kasoro.
Rejeta ikikauka hupandisha mvuke.
Betri hukohoa alfajiri, mara mbili, mara tatu,
kama mtu anayetaka kuombwa radhi.
Mkanda wa taimingi hauna neno.
Umekaa nyuma ya kifuniko chake, meno kwa meno, unazunguka,
na siku ukikatika ndiyo kauli yake ya kwanza
na ya mwisho.

Haya kanieleza Shaame Kitwana, gereji ya Machomanne,
akijifuta grisi kwa kipande cha kanga
kilichobakiwa na maneno mawili: SI MLANGO.

"Yakhe, hii imetembea ngapi?"
Nikamwonesha mita: laki moja na themanini na tatu elfu.
Akacheka. "Hiyo mita. Mie nakuuliza gari."

Nikakumbuka. Waya wa mita ulikatika mwaka ule wa mvua,
ukakaa miaka miwili.
Mita ilikufa, barabara haikufa.
Usiku nikaitwa Kiuyu, nikaitwa Maziwa Ng'ombe,
nikarudi Wete mbio na mama anayeng'ata ncha ya mtandio,
na kilomita zile hakuna aliyezihesabu
ila mkanda.

Shaame akapangusa kwa kidole gumba
kijikaratasi cha manjano kilichogandia chini ya boneti.
Miaka tisa nakiona. Nilidhani ni dua ya Kijapani.
Michoro kama nyayo za kuku, kisha tarakimu: 15, 6, 2.
"Kumi na tano hii si Miladia wala si Hijria.
Hawa huhesabu toka siku aliyotawazwa mfalme wao.
Na hapa, elfu tisini na nane na mia nne,
ndipo fundi mwenzangu alipoufunga."
Akalitamka "mwenzangu" kana kwamba walisoma chuo kimoja.

Tukajumlisha.
Tukanyamaza.

Pesa za mkanda nimeziweka mara mbili.
Mara ya kwanza zikawa sare za skuli.
Mara ya pili zikawa sanda.

Akatoa waya wa betri. Akavua gurudumu la mbele,
puli, vifuniko, kila boliti na kifuu chake cha nazi.
Akazungusha krenki kwa spana, taratibu,
mpaka kidoti cha juu kikatazamana na mwenziwe,
cha chini na mwenziwe,
akavitia rangi ya kucha ya mkewe, nyekundu.
"Hapa sasa usipige hata chafya.
Likiruka jino, vali inashuka na pistoni inapanda,
wakutane njiani kama malori mawili msituni Ngezi."

Akabadilisha na pampu ya maji, nzima, haijavuja.
Nikaguna. "Sivunji ukuta mara mbili," akasema,
"kwa panya wale wale."

Mkanda wa zamani akanitia mkononi.
Mgongoni mweusi, mzuri, ungeuuza.
Akaupindua:
kila shina la jino lina ufa,
mwembamba kama unywele wa kichanga.

Nikataka kuwasha. "Ufunguo bado!"
Akaizungusha kwa mkono, duru mbili kamili,
haikugota popote,
vidoti vyekundu vikarudi vikatazamana.
Ndipo akaniashiria.

Ikawaka. Mlio ule ule wa jana.
Hii ndiyo kazi isiyo shukurani:
umelipa, umengoja toka asubuhi hadi alasiri,
na unachopewa ni kitu kisichotokea.

Mkanda wa zamani upo nyumbani.
Bimize kafungia mlango wa banda.
Kwa kuku unatosha.

Lakini kabla sijaondoka niliazima kalamu,
nikainama chini ya boneti,
na chini ya mwandiko wa mtu asiyenijua
nikaandika tarehe, nikaandika kilomita,
kisha, kwa atakayekuja kuinunua:
*Mita nzima. Anzia hapa.*