Kaza Hadi Ilie

Spana ya Aila Ronkainen ina mpini uliochakaa,
umekunywa jasho la miaka mingi.
Hulia *ta!* boliti ikifika kipimo chake.
Siku yangu ya kwanza karakanani alinishika kiganja:
"Kaza hadi ilie. Ikishalia, acha.
Boliti nyingi nilizoona zimekatika
zilikatwa na watu wenye bidii."

Nje, Duluth ilikuwa chini ya theluji,
ziwa limeganda, meli za madini zimelala.

Sikumuuliza habari za vita. Nilizipata vipande vipande,
kama aokotaye misumari sakafuni:
kwamba alikuwa fundi wa helikopta
kule mchanga ulikopenya hadi kwenye meno ya gia;
kwamba alisikia beringi mbovu
kabla geji haijatamka neno;
kwamba sikio lilo hilo, la kushoto,
sasa ukiliita unaita ukuta.

Alirudi. Akaingia chuo kikuu na miaka thelathini na moja,
katikati ya vijana waliomwita bibi kwa kunong'ona,
wakijua upande wa kunong'onea.
Mkazo na mnepo alivijua kwa vidole
kabla hajavijua kwa herufi za Kigiriki.
Kwenye kliniki ya maveterani, karani alimtazama juu ya miwani:
"Fomu hii hujazwa na askari mwenyewe. Mumeo yuko wapi?"
Aila hakuwa na mume. Alikuwa na namba ya jeshi.
Akaitaja, tarakimu baada ya tarakimu,
mpaka foleni nzima ikanyamaza.

Kisha Delphine, mwenzake wa kikosi, akaletewa mkono wa bandia.
Ulikuwa mkono wa mwanamume:
mpana, mzito, vidole kama vya mchukuzi.
Delphine aliuweka juu ya friji, akasema,
"Mgeni gani huyu, hata hajanisalimia."
Walicheka mpaka kicheko kikageuka.
Asubuhi Aila akaanza kuchora.

Benki tatu zilimwambia soko ni dogo.
Ya nne ilimkopesha kwa riba ya kumkomoa.
Akapanga kiwanda cha mikate kilichofilisika;
hadi leo, mashine zikipata moto,
kuta hutoa harufu ya hamira.
Mwaka wa pili mshahara wetu ulikosekana. Akauza gari,
akawa anakuja kwa basi, sanduku la zana mapajani.

Usiku aliandika, nyuma ya ankara, kwa penseli ya seremala.
Kitabu kilipotoka mama yake alikisoma mara moja,
akakirudisha rafuni, mgongo ukitazama ukuta.
Hilo hakuliandika popote. Aliniambia mimi,
tukifagia vumbi la chuma.

Nilimsindikiza Saint Paul, mbele ya kamati.
Walimpa dakika tatu.
Aliuweka mezani ule mkono wa kwenye friji,
akamwomba mjumbe mmoja, mama mwembamba wa pembeni,
alaze wa kwake kando yake.
Mama akalaza. Hakuuondoa upesi.
Aila akasema kwa dakika mbili: uzito, gharama,
majina kumi na manne.
Nikamwonyesha kidole: bado moja!
Aliniona. Akafunga daftari, akaketi.

Muswada ungali kwenye mtoto wa meza ya mtu fulani.

Ndani ya basi la kurudi, giza likiwa limeshika misonobari,
nilimuuliza ile dakika aliiachia nani.
Hakujibu. Nikangoja maili nzima
ndipo nikakumbuka
nimekaa kushoto.