Kalunguyeye wa Ukurasa wa Saba

Hillar huhesabu mizani kwa kijiko:
mara nane ukingoni mwa bilauri, mara nane tena,
chai inapoa, mstari bado mfupi.
Mimi huchonga penseli na kunyamaza.
Nilichora pakiti za mbegu miaka ishirini na sita,
karoti, bizari, figili, kila jani mahali pake,
kwa kuwa mkulima akidanganywa na picha
hurudi dukani, pakiti mkononi.
Mtoto naye ni mkulima wa namna hiyo.

Hapa Võru ziwa likiganda tunapata nafasi ya kuota.
Tulikuwa na kinamasi kinachokoroma,
bibi ukungu anayefua soksi mtoni,
konokono aliyerithi kanisa asijue alifanyie nini.
Na huyu:

        Kalunguyeye wa mwitu
        hababaiki na kitu,
        chini ya miti ya kwetu
        hukusanya majaniye.

Mchapishaji wa Tallinn alitujibu kwa adabu.
Aliuliza kama kalunguyeye angeweza kuwa joka,
joka huuzika,
na kama kinamasi kingejifunza jambo
kabla ya ukurasa wa mwisho.
Hillar aliisoma barua amesimama,
akaikunja mara nne,
akaisukuma chini ya mguu wa meza.
Tangu siku hiyo meza haiyumbi.

Tukauza pikipiki ya marehemu Kaljo, kaka yake,
ile yenye kigari cha ubavuni,
tukaenda kwa Villu, nyuma ya ghala la mbao,
penye mtambo unaonguruma kama ng'ombe mwenye kinyongo.
Nakala mia tatu. Karatasi nzito, ya kustahimili mate.
Villu siku ile alikuwa na mafua, au mapenzi,
mpaka leo hajasema.
Kopo la rangi ya kahawia halikufunguliwa.

Boksi la kwanza: kalunguyeye wa buluu.
Buluu ya sahani za bati.
Mara mia tatu.

Sikulia. Nilikaa juu ya boksi.
Villu alitamka maneno
yasiyoweza kuwekwa kwenye kitabu cha watoto,
kisha akayarudia kwa Kirusi.
Hillar ndiye aliyeomba kijiko.

        Alikula beri jana,
        kapu zima, tena sana,
        rangi kamganda, bwana,
        samawati miibaye!

Tuliuchapa ubeti huo kwenye vipande vya karatasi,
tukavibandika kimoja kimoja kwa gundi ya unga,
siku tatu, watu watatu,
vidole vikinata hata kwenye mkate.
Baadhi vimekaa upande. Viache.

Maktaba, Jumamosi. Watoto kumi na mmoja, mbwa mmoja.
Hillar alisoma kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.
Konokono alichekwa, kinamasi kikakoromewa,
na ile buluu iliyotunyima usingizi
hakuna aliyeiuliza.

Ila Säde, miaka sita, pengo la meno mawili,
alikuja mbele, akaweka kidole ukurasa wa saba,
juu ya theluji niliyoipaka kwa siku nne,
theluji ambayo, nikiri, nilijivunia.

"Wakati wa theluji," akasema, "huyu huwa amelala."

Miaka ishirini na sita ya karoti sahihi!
Nilimtazama Hillar. Hillar alitazama viatu vyake.
Mama mmoja alikohoa ili kutusaidia.

Nikachuchumaa. "Kweli," nikamwambia, "hulala.
Sasa unadhani kimemwamsha nini?"

Akakuna goti. Akamwangalia yule wa buluu
kama mtu anayemtazama mgonjwa.
"Tumbo," akasema. "Kwa beri zote zile."

Hillar alianza kupapasa mifuko,
wa koti, wa suruali, wa koti tena.
Nikampa penseli yangu.