Kitabu cha Matukio

Jumamosi, saa kumi na mbili na robo asubuhi.
Kituo cha kwanza. Kaunta imeng'aa
kwa viwiko vya watu waliowahi kuomba.
Nasema: namtafuta ndugu yangu, Wycliffe Amukoya,
fundi viatu. Walimchukua jana usiku Maringo
akifunga kibanda.
Afande hainui macho. "Hapa hayuko."
"Umeangalia kitabuni?"
"Mimi ndimi kitabu."

Kituo cha pili. Benchi moja, watu saba,
kila mmoja na jina mdomoni
kama kidonge kilichokataa kushuka.
Nereah, muuza omena wa Kaloleni,
ananisogelea: mume wake ni bubu,
tangu surua ya utotoni.
"Wakiita majina, ataitikaje?"
Sina jibu. Nampa nusu ya andazi.

Kitabu ni cha umma, husema.
Ni cha umma kama Jogoo Road usiku wa manane:
pita, ukiweza.

Jumapili. Kituo cha tatu.
Konstebo kijana, Leparan kwenye kibandiko cha kifua,
analowesha kidole, anafungua.
Kitabu kipana kama mlango wa kabati,
mgongo umeshonwa upya kwa uzi wa gunia,
mshono ambao ndugu yangu angeucheka.
"Amukoya hakuna," anasema. "Nenda remandi, uulize."

Lakini kazi yangu, afande,
ni kusahihisha kadi za harusi
Barabara ya Kirinyaga, kwenye duka la chapa.
Miaka kumi na minne natafuta makosa
mezani, upande wa pili wa bosi,
karatasi ikimtazama yeye.
Kichwa chini ndivyo ninavyosoma vizuri.

Nikasoma.
Namba thelathini na moja: kuzurura.
Thelathini na mbili: kuzurura.
Thelathini na tatu, saa tano na dakika kumi usiku,
*Wiklif Mkoya, mtu mzima, kuleta fujo.*
*Mali: sindano kubwa moja. Nta, kipande.*
*Kiatu kimoja cha kike, mguu wa kushoto.*

Nikatazama miguu yangu,
ndara za bafuni, vumbi la siku mbili.
Alhamisi nilimpelekea kisigino kilichong'oka.
Akasema, dada, njoo Jumamosi.

"Ni huyu."
"Huyu ni Mkoya."
"Jina mmelikosea. Kiatu hamkukikosea."

Akanyamaza. Mahali fulani nyuma yake
ndoo ilikokotwa juu ya saruji, mtu akakohoa,
na nikakijua kile kikohozi.

"Kufuta hairuhusiwi," Leparan akasema, sauti imeshuka.
Najua. Hata maharusi hatuwafuti:
mstari mmoja juu ya kosa,
lililo sahihi pembeni, kisha sahihi ya mkono.
Nikamtajia herufi moja moja. A. M. U.
Akaandika polepole, ulimi nje kidogo,
kama mtoto wa darasa la pili.

Ningeondoka hapo.
Ila jicho la kazi halijui kuondoka,
lilikwisha shuka mstari unaofuata:
*Thelathini na nne. Mwanamume. Sweta ya kijani.*
*Amekataa kutaja jina. Mali: hakuna.*

"Hakukataa," nikasema.
"Nini?"
"Neno hili. *Amekataa.* Hili nalo ni kosa."

Kesho Makadara, saa tatu, wote wawili.
Karatasi hakuna, akasema, basi nikatoa viganja.
Kushoto niliandika mwenyewe thelathini na tatu.
Kulia akaniandikia yeye, kwa mwandiko wake mbovu uleule,
thelathini na nne.

Nashuka barabarani kwa miguu,
jua la saa nane, ndara zikipiga nyayo.
Nimekunja ngumi mbili, jasho lisifute,
na anayeniona hudhani naenda kupigana.
Narudi kwenye benchi lile.
Sijui kama Nereah bado yupo.
Sikumuuliza mumewe alivaa nini.