Nani Achukue Moyo

Dola mia tatu na kumi na mbili.
Niliisoma bei mara mbili, nikidhani macho yameganda
kama ziwa pale nje, kama kila kitu Duluth mwezi wa Januari.
Anatomia, toleo la tisa,
limefungwa nailoni kama nyama ya jokofu,
na muuzaji, bila kuinua uso:
"Ukiichana nailoni, umelinunua."

Maktabani nakala moja, saa mbili kwa kila mtu,
foleni ya watu kumi na saba.
Zamu yangu ilipofika kurasa zilikuwa na joto la vidole.
Nilikuwa na la nane mkobani, la dola kumi na moja,
nikayalaza pamoja, nikatazama goti kwa goti:
la nane limechora goti la kushoto,
la tisa la kulia.
Nikamwendea Dakta Ostby: goti limebadilika nini
tangu mwaka juzi?
Akasema maswali ya nyumbani yanatoka la tisa.
Namba hazilingani.
Basi. Goti ni lile lile, kilichohama ni namba.

Pahoua Xiong ndiye aliyepiga hesabu
nyuma ya risiti ya maziwa:
mia na nne, mara tatu.
Yeye, mimi, na Signe anayekata nyama
kwa Zupan kila jioni.
Tukakipeleka kitabu huko saa tatu usiku,
bucha imefungwa, sakafu ingali na povu.

Signe akakilaza kifudifudi juu ya ubao,
akaupapasa uti wake wa mgongo
kama anayetafuta kiungo,
akasema, "Hapa,"
na kisu cha kutolea mifupa kikashuka polepole,
gundi ikilia.
Bwana Zupan alisimama mlangoni, koti begani.
"Ratili ngapi hiyo?"
Tukakipima. Tano.
Akagawanya kimoyomoyo, akaguna:
"Hata ndama wangu hafiki bei hiyo."

Pahoua akapata mifupa, misuli na neva.
Signe akachukua nyuma: ini, nyongo, figo,
utumbo wote na mikunjo yake.
"Matumbo huachiwa mchinjaji," akasema,
hakuna aliyebisha.
Mimi, mapafu na mishipa ya damu.
Kumbe kisu kilikuwa kimekosea kurasa mbili:
mchoro wa moyo umepasuka katikati,
nusu kwa Pahoua, nusu kwangu.
Signe akaona haya mpaka masikioni.

Ndiyo sababu kila Jumapili,
kwenye duka la mashine za kufulia,
shuka zetu zikizunguka,
tuliketi bega kwa bega, mimi na Pahoua,
magoti yamegusana,
tukaunganisha kurasa juu ya kapu la nguo
ili damu ipate pa kupita.
Signe akituuliza maswali huku akitafuta soksi.

Machi, gari la Signe lilikufa barabarani.
Zupan akapunguza saa. Ada ikabaki vile vile.
Siku ya Alhamisi tulikuta mfuko wa mkate
umening'inizwa kwenye kitasa cha mlango,
ndani yake theluthi yake ya kitabu
na kikaratasi:
*Figo zimelowa kidogo. Samahani.
Msinirudishie kitu.*
Tulimpigia simu. Tukampigia tena.

Mei, wiki ya mitihani, duka la chuo
lilikuwa likinunua vitabu vilivyotumika.
Kijana wa kaunta akatazama vipande vyetu vitatu
vimefungwa kwa uzi wa bucha,
akacheka, si kwa ubaya.
"Hata vingekuwa kimoja," akasema,
"Septemba linakuja la kumi."

Ninavyo bado, rafuni, juu ya friji.
Ukurasa wa ini una alama ya kidole cha mafuta,
na pembeni, kwa penseli,
mwandiko wa Signe ulioinama kama mtu anayekimbia:
*Kumbe likikatwa hujiotesha upya!
Hili litatoka kwenye mtihani?*

Lilitoka, Signe.
Swali la kumi na nne.