Mhamo Sifuri

Baba yangu, Harkaman, kazi yake ilikuwa mchanga.
Aliketi kwenye pua ya garimoshi,
ndoo katikati ya magoti,
na magurudumu yalipoanza kuserereka
alimwaga konzi moja relini
kama mpishi atiaye chumvi: bila kupima.
Kuteleza si kuanguka, wanasema.
Mlima wa Tindharia haujui methali.

Mwalimu Nimkit alitupa sababu
kwa chaki iliyokatika kila alipokazia neno:
gurudumu huisukuma reli nyuma,
reli hulisukuma gurudumu mbele.
"Hakuna aendaye mbele," alisema,
"pasipo kitu kilichokubali kusukumwa nyuma."
Nikaandika. Nikapiga mstari chini yake.
Sikumfikiria baba.

Akachora mshale kuelekea dirishani: chanya.
Mwingine kuelekea mlangoni: hasi.
Birkha, wa dawati la mwisho, akauliza,
"Na mlango ukihamishiwa kule?"
Tukacheka. Mwalimu hakucheka.
"Basi na ishara zitahama.
Ni sisi tuliochagua."

Kuna mahali reli ilikosa nafasi ya kupinda,
bonde huku, jabali kule,
wajenzi wakaandika Z ubavuni mwa mlima.
Garimoshi huenda mbele mpaka reli iishe,
husimama, hutoa pumzi,
mtu wa swichi huvuta mkono wa chuma,
kisha treni nzima, na magunia, na kuku, na wanafunzi,
hurudi kinyumenyume,
na kurudi huko ndiko kupanda.
Wageni hushikilia viti.
Sisi tulimenya machungwa.

Mwaka ule nilirejea kutoka Kolkata
karatasi ya matokeo nimeikunja mara nne
ndani ya kiatu cha kushoto.
Nilipata kiti kilichotazama nyuma,
kila kitu nikakiona baada ya kukipita:
daraja, kibanda cha mchuuzi wa momo,
mbwa aliyekuwa ameshaacha kubweka.
Nikapiga hesabu kwenye ukungu wa kioo.
Umbali ni njia yote, na kona zake,
mia sita na ushei kwenda, mia sita na ushei kurudi.
Mhamo ni mshale mmoja tu,
kutoka ulipoanzia hadi ulipo.
Jibu la kwanza: elfu moja na mia mbili na zaidi.
Jibu la pili nililifuta kwa kiwiko.

Kwenye Z tukasimama.
Mpira uliorushwa juu, ufikapo kileleni,
kasi yake ni sifuri kwa nukta moja,
ila ardhi haijaacha kuuvuta hata chembe.
Ndipo nilipokuwa.
Baba akapita chini ya madirisha na ndoo yake,
akaniona, akasita.
"Umekula?"
Akanipitishia chungwa
lenye mchanga kwenye vinyweleo vya ganda,
akaenda zake.
Kengele. Halafu ule mshtuko mdogo,
kiti kikiondoka
na mwili ukitaka kubaki ulikokuwa.

Sikugeuka. Sikuhama kiti.
Lakini daraja lile lile sasa lilikuwa linanijia,
na mbwa, kwa mbali, anakaribia kubweka.

Nyumbani mama aliniwekea sweta la zamani mabegani,
mikono yake ikaishia karibu na viwiko.
"Hm," akasema Phulmaya,
akautafuta ule mwisho wa uzi aliouficha kwapani
miaka minne iliyopita,
akauvuta.
Safu baada ya safu likarudi nyuma,
shingo, kifua, ua jekundu nililolililia nikiwa mdogo,
nami nimenyoosha mikono miwili mbele
kama mtu anayesukuma ukuta,
nikipokea.

Uzi ulikuja na mawimbi, bado umekariri kila tundu.
Mama akaulowesha, akaufungia jiwe, akautundika
nje, penye baridi, unyooke.

Karatasi ilikuwa bado kiatuni.
Nilikaa kizingitini nikimenya chungwa,
mchanga ukilia kidogo kwenye meno.