Ila

Jumanne, chumba cha juu cha maktaba, Hull.
Bi Gillian anabonyeza kitufe cha kaseti
na watu wawili wanaanza kuongea polepole,
kama wanaotembea juu ya barafu.
Mwanamume amesahau mwavuli ndani ya basi.
Swali la kwanza: mwavuli ni wa rangi gani?
Yordanos anajua. Dariusz anajua. Nami najua:
wa kijani. Nimeandika kijani, nimepata vema.

Tangu nifike nchi hii sijaulizwa na mtu
rangi ya mwavuli.

Huko nje hawasemi kama wa kwenye kaseti.
Dereva wa basi aliniita mpenzi
mbele ya abiria wote, saa mbili kasorobo asubuhi,
mimi, mama wa watoto wanne, mke wa Shekue.
Siku ile nilishuka kituo kisicho changu.
Kesho yake nikamsikia akimwita mpenzi
bibi mwenye mkongojo, kisha askari polisi,
kisha mbwa.
Nikaketi.

Mengi nimejifunza hivyo, kwa kujikwaa.
Karani wa posta akiuliza kama niko sawa
hataki habari za goti langu.
(Nilimpa habari za goti. Foleni ilifika mlangoni.)
Na yule mama aliyesema shuleni
lazima uje kwetu siku moja tunywe chai,
nilimtokea Jumamosi na sahani ya vitumbua,
vya moto bado, kitambaa juu.
Alifungua mlango nywele zimelowa,
akatazama vitumbua, akatazama barabara,
kama anayetafuta ni nani amenituma.
Chai tulikunywa wima.

Siku moja, kumbe, haimo kwenye kalenda.

Sasa Avril, jirani yangu wa ukuta mmoja.
Kila Alhamisi tunaburuta mapipa ya taka,
namuuliza hali, ananijibu: si mbaya.
Miaka miwili. Mvua, si mbaya. Theluji, si mbaya.
Nami hubaki nimeshika mpini, nangoja.
Maana kwetu Muheza mtu huulizwa habari za nyumbani,
njema,
za watoto, wazima, za tangu jana, salama tu,
ndipo avute pumzi aseme: ila.
Ila mdogo ana homa. Ila jana tumezika.
Salamu ni baraza tu; ila ndiyo mlango wa ndani.

Kiingereza cha Avril hakina ila.
Nimeitafuta kwenye kamusi: ipo, na ndugu zake sita.
Nadhani huifungia kabatini
pamoja na sahani za wageni.

Jumapili usiku taa za buluu
zilizunguka ukutani kwangu, bila king'ora.
Alhamisi Avril akatoka na pipa jepesi,
likirukaruka kwenye mawe,
na juu ya mfuniko glavu za bustani za Ken
zimekunjwa moja ndani ya nyingine, kama soksi.
Nikamuuliza hali.
Si mbaya, akasema. Halafu akaongeza: kwa kweli.

Kwa kweli hiyo haikuwahi kuwepo.
Ilikuja imechelewa, sauti imezama,
kama kaseti betri zinapokufa.
Nani anazungumza? Yuko wapi? Anataka nini?
Nilitafuta sentensi nzima, yenye kitenzi,
ya kupata vema. Sikuipata.
Nikatoa neno moja, la Kiingereza chao
kwa mdundo wa kwetu, nikaliacha wazi:
ila?

Avril aliachia mpini wa pipa.

Aliyoyasema pale nilielewa nusu.
Ngazi, nilielewa. Hospitali, nilielewa.
Jina la Ken, mara saba au nane.
Tulisimama hadi gari la taka likapita
likaacha mapipa yetu yamejaa vilevile.
Ukiniuliza rangi ya zile glavu,
sikumbuki.